Mwamba Mweusi Si Lazima Uwe na Gesi

Tangu nirudi Lamu na shahada ya jiokemia, yaani kemia ya miamba, ninaulizwa swali moja, barazani, ndani ya boti ya Mokowe, hata arusini nikiwa nimekaa na shangazi zangu: gesi iko au haiko? Anayeuliza ana haki ya kuuliza. Pwani yetu imetobolewa tangu kabla sijazaliwa. Kisima cha Dodori-1 kilichimbwa mwaka 1964, Pate-1 mwaka 1971, vyote viwili vikashuka zaidi ya mita 4,000, na vyote viwili vikaonyesha dalili za gesi. Baadaye kazi ikahamia kwenye maji ya kina. Mbawa-1 ikakuta gesi mwaka 2012, na mwaka 2014 Sunbird-1 ikakuta mafuta na gesi katika miamba ya matumbawe ya kale iliyozikwa chini ya sakafu ya bahari. Mpaka leo hakuna hata kimoja kati ya visima hivyo kilichowasha jiko la mtu.

Visima hivyo vilitafuta gesi iliyohama, yaani gesi iliyotoka mwamba ulioizalisha, ikapanda, ikanaswa kwenye mchanga au matumbawe yenye nafasi. Mimi nimesomea ile isiyohama. Nimesomea mwamba mama wenyewe, tope la bahari ya kale lililogeuka jiwe, na swali la kama bado limeshika gesi tumboni. Miaka ya masomo niliipitisha China, kwenye miamba ya Sichuan, na nilichokiona huko ndicho kinachoniongoza ninapoulizwa habari za kwetu.

Tope hilo linavyoanza unaweza kuliona hapa hapa. Maji yakipwa, shuka Matondoni, uingie kwenye mikoko miguu mitupu. Juu tope ni la kahawia, unene wa ukucha tu. Mguu ukishapita hapo unakutana na tope jeusi tititi, baridi, na harufu ya yai bovu inapanda. Ile kahawia ndipo oksijeni inapofika. Chini yake haifiki. Vijidudu vinavyoishi mle hupumua kwa salfeti ya maji ya chumvi, na taka yao ni hiyo gesi yenye harufu, ambayo ikikutana na chuma hufanya ule weusi. Jani lililoanguka juu ya mchanga mkavu linaliwa likaisha. Jani lililozama humo hubaki, likaoza nusu, likafunikwa, likashuka. Kaunti hii yetu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, kwa hiyo mtoto wa Lamu anayesomea kazi hii hana sababu ya kuambiwa habari ya tope lisilo na oksijeni kwa picha ya kitabuni.

Tofauti ipo, na ni kubwa. Tope la mikoko hupokea majani, magome na mizizi, vitu vya mti. Bahari ya kale iliyozaa miamba bora ya gesi ilipokea mwani na viumbe wadogo waeleao, wenye mafuta mengi na haidrojeni nyingi mwilini. Ukizika vitu hivyo na kuvipasha joto kwa mamilioni ya miaka, vinakuwa kerojeni, mabaki magumu ya uhai yaliyoshikana na jiwe, kisha vinatoa mafuta, na joto likizidi mafuta yenyewe yanavunjika yakawa gesi. Kerojeni ya mti inatoa gesi pia, lakini kwa kila gramu ya kaboni inatoa kidogo zaidi, na mafuta karibu haitoi. Kwa hiyo mtu akikuambia mwamba una kaboni asilimia 2, muulize kaboni ya nini.

Sichuan nilikabidhiwa mwamba wa Longmaxi, wa kipindi cha Siluri, umri wake kama miaka milioni 440. Mara ya kwanza kuushika nilishangaa wepesi wake wa kuchafua. Unapitisha kidole, kinatoka cheusi. Ukiugonga pembeni kwa nyundo ndogo unafunguka kama kurasa, na ndani yake kuna michoro myembamba yenye meno upande mmoja, msumeno mdogo kuliko unyasi. Hao ni graptoliti, wanyama walioishi kwa makundi wakielea baharini, waliokwisha duniani zamani. Pembeni mwao vinameta vipunje vya pairiti, salfa na chuma vilivyotoka kwenye tope lile lile lisilo na pumzi. Nilikaa na kipande kile mezani muda mrefu kabla ya kukikata. Bahari iliyokuwa hai, na hakuna mtu wa kuisimulia isipokuwa jiwe.

Hapo ndipo ugumu wa kwanza ulipojitokeza. Ili ujue mwamba umepata joto kiasi gani, watu wa fani hii hutazama vitriniti, chembe za mti zilizobaki ndani ya mwamba. Zinang'arishwa, zinawekwa chini ya darubini, unapima mwanga unaorudi. Joto likizidi, mng'ao unazidi. Chini ya asilimia 0.6 mwamba bado mbichi. Kutoka hapo hadi kama 1.3 ni wakati wa mafuta. Ukivuka 2 imebaki gesi kavu, metheni. Ukipita 3.5 mara nyingi mwamba umekwisha, umeungua. Kipimo kizuri, lakini enzi za Siluri nchi kavu haikuwa na msitu. Hakuna mti, hakuna vitriniti. Kipimajoto ambacho dunia nzima inakitumia hakimo ndani ya mwamba unaotaka kuupima.

Basi unatafuta mashahidi wengine. Kuna lami iliyoganda ndani ya vitobo, mabaki ya mafuta yaliyovunjika, nayo inarudisha mwanga. Mjerumani Jacob aliweka kanuni katika miaka ya 1980: zidisha mng'ao wa lami kwa 0.618, ongeza 0.40, unapata makadirio ya vitriniti. Kuna mng'ao wa graptoliti wenyewe. Kuna mwanga wa leza unaotumia ugunduzi wa Raman, yule mwanasayansi wa India aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1930, unaosoma jinsi kaboni ilivyojipanga. Kila shahidi ana udhaifu wake. Lami ina aina zaidi ya moja, na ukichanganya iliyoingia zamani na iliyoingia baadaye, wastani wako hausemi lolote. Graptoliti anang'aa tofauti ukimgeuza. Profesa aliyenifundisha alikuwa hakubali jibu la shahidi mmoja, na alitaka kuona histogramu nzima, mchoro unaoonyesha vipimo vyote vilivyotawanyika, si wastani. Nilimwona mkali. Sasa na mimi nadai hivyo hivyo kwa anayeniletea ripoti.

Mashine nayo ina mtego wake. Ile tunayoitumia zaidi, iliyobuniwa Ufaransa miaka ya 1970, ni tanuri dogo: unaweka miligramu makumi kadhaa za unga wa mwamba, unapasha taratibu. Kwa nyuzi kama 300 inatoka gesi na mafuta yaliyokuwamo tayari. Ukiendelea kupandisha, kerojeni iliyobaki inavunjika, na joto ambalo uvunjikaji huo unafikia kilele linakuambia upevu, yaani mwamba umepikika kiasi gani. Kwa mwamba wa umri mdogo ni chombo kizuri kabisa. Kwa mwamba wa Siluri uliokwisha kutoa karibu kila ulichokuwa nacho, kilele cha pili ni kilima kidogo mno, mara nyingine ni mawimbi tu ya kelele, lakini mashine inachagua nukta moja na kuiandika kwenye jedwali kama nyuzi 435 au 590, imenyooka. Ukipokea jedwali bila mchoro, utaamini mwamba ulioungua ni mbichi. Tangu hapo sisomi namba ya upevu kabla sijaona mchoro wake.

Somo lililonibadilisha lakini halikutoka kwenye Longmaxi. Chini yake, huko kusini mwa China, kuna mwamba mwingine wa tope la bahari, wa kipindi cha Kambri, mkongwe zaidi kwa zaidi ya miaka milioni 60. Ukiuona utaupenda. Mweusi kuliko wa juu, mnene, na sehemu nyingine za Guizhou kaboni yake inapita asilimia 5, hata zaidi. Kwa hesabu ya karatasi, huo ndio ulipaswa kuwa hazina. Visima vingi vilivyochimbwa humo vilitoa gesi kidogo, na vingine vilitoa naitrojeni badala ya metheni. Mng'ao wake umepita 3 na kukaribia 4 katika maeneo mengi. Vitobo vidogo ndani ya kerojeni, ambavyo ndivyo ghala la gesi, vimebanwa na kuporomoka. Na ardhi juu yake imekunjwa, imepasuka, imeinuliwa na kuliwa na mvua, gesi imeondoka zamani.

Ilhali Longmaxi, wenye kaboni kidogo zaidi, ndio ulioipa China gesi. Katika eneo la Fuling, ndani ya manispaa ya Chongqing, kisima cha Jiaoye-1 kilijaribiwa mwezi Novemba 2012 kikatoa zaidi ya mita za ujazo 200,000 kwa siku. Tabaka bora pale lina unene wa kama mita 38 tu. Kilicholinda gesi ni mfuniko: juu mwamba wa tope mnene, chini chokaa ngumu, mipasuko mikubwa iko mbali, na shinikizo ndani ya mwamba ni mara moja na nusu ya uzito wa maji wa kina kile. Shinikizo likiwa juu baada ya miaka milioni mia nne, maana yake chombo hakijavuja. Sogea kilomita kadhaa kuelekea kwenye mikunjo yenye mipasuko, mwamba ni ule ule, kaboni ni ile ile, graptoliti ni wale wale, na kisima kinasinzia.

Kwa hiyo mwamba kuzaa gesi ni jambo moja. Kuihifadhi ni jambo la pili. Kuitoa ni la tatu. Wengi tunaoandika ripoti tunalala sana kwenye la kwanza kwa sababu ndilo rahisi kupima maabara, ukiwa umekaa, na chai pembeni.

La pili linapimwa mtamboni, tena kwa mbio. Mche wa mwamba, yaani nguzo nzima ya jiwe, unakatwa chini, unaanza kupandishwa. Kadiri unavyopanda shinikizo linapungua na gesi inaanza kukimbia ukiwa bado ndani ya shimo. Ukifika juu, mafundi wanaufungua, unafutwa tope, unakatwa, unaingizwa kwenye kopo la chuma, linafungwa na kuwekwa kwenye maji ya joto sawa na la chini ya ardhi. Ukiutia mche mbichi kwenye beseni la maji utaona viputo vinatoka kwenye mistari ya tabaka, vidogo, mfululizo, kama mwamba unapumua. Nilisimama usiku wa manane na saa mkononi nikiandika: dakika ya kuanza kuvuta, dakika ya kufika juu, dakika ya kufunga kopo. Nilikuwa nimevaa kanzu mbili za kazi kwa baridi. Mwenzangu akasoma bomba la vipimo, nami nikaandika, hadi kukapambazuka.

Gesi inayotoka ndani ya kopo unaipima. Inayobaki unaipata kwa kusaga mwamba. Ila ile iliyokimbia njiani huipimi, unaikadiria kwa kurudisha mstari nyuma, ukichukulia kwamba gesi hutoka kwa kufuata kipeuo cha pili cha muda. Kama mche umepandishwa kutoka mita 2,500 na umechukua saa kadhaa, sehemu hiyo ya makadirio inaweza kuwa kubwa kuliko uliyoipima kwa mkono. Nimeona jumla moja ikipanda karibu maradufu kwa kubadilisha tu namna ya kuchora mstari. Wengi huhesabu mita za ujazo 2 kwa kila tani ya mwamba kuwa ndipo matumaini yanapoanza. Chora mstari hivi, uko chini ya 2. Chora vile, uko juu yake. Hakuna aliyedanganya, lakini anayesoma mwisho wa ripoti haoni mkono uliochora. Tangu usiku ule sitoi jumla bila kutenganisha iliyopimwa na iliyokadiriwa, hata wakinisihi nifupishe.

Ndani ya mwamba gesi imekaa kwa namna mbili. Nyingine iko huru ndani ya vitobo na nyufa. Nyingine imeng'ang'ania kwenye kuta za kerojeni, kama udi uliofukizwa: moshi uliojaa chumbani unatoka ukifungua dirisha, lakini harufu iliyoshika nguo inakaa hata wiki. Ile huru ndiyo inayokuja kwa kishindo miezi ya kwanza. Ile iliyoshika inatoka polepole, shinikizo likishuka sana. Ndiyo maana kisima cha gesi ya mwamba wa tope hushuka kwa kasi mwaka wa kwanza, kisha kinaburura kwa miaka. Anayechukua siku ya kwanza akaizidisha kwa siku za mwaka anajidanganya pamoja na wenzake.

Kiasi kilichoshika hukadiriwa kwa kanuni ya Irving Langmuir, Mmarekani aliyeitoa mwaka 1918. Maabara nyingi huipima kwa unga mkavu. Chini ya ardhi mwamba haujakauka, na maji yakishika kuta gesi inakosa nafasi. Halafu kuna kuhesabu mara mbili: gesi iliyoshika imechukua sehemu ya kitobo, kwa hiyo kitobo kizima huwezi kukijaza tena gesi huru. Mambo madogo haya, kila moja likiongeza kidogo kwa upande ule ule, yanageuza mwamba wa wastani kuwa hazina.

Nayo hazina ya karatasi inaumiza watu. Mwaka 2011 idara ya takwimu za nishati ya Marekani ilikadiria kwamba Poland ina futi za ujazo trilioni 187 za gesi inayoweza kutolewa, nyingi ndani ya miamba ya bahari ya Siluri, rika moja na ile niliyokuwa nikiisaga. Mwaka uliofuata taasisi ya jiolojia ya Poland yenyewe ikatoa makadirio ya mita za ujazo bilioni 346 hadi 768, ambayo ni kama futi trilioni 12 hadi 27. Mwaka huo huo kampuni ya mafuta ya ExxonMobil ikaondoka. Wengine wakafuata. Afrika Kusini ilipewa trilioni 485 mwaka 2011 kwa miamba ya Karoo, ikapunguzwa kuwa 390 mwaka 2013. Kisha watafiti wa huko wakachimba, wakakuta kwamba volkeno ya miaka milioni 183 iliyopita ilisukuma mawe ya moto kati ya tabaka na kuuchoma mwamba mama, na mwaka 2017 wakachapisha makadirio ya trilioni 13. Kutoka 485 hadi 13. Katikati hapo kuna wakulima waliogombana, wanasiasa walioahidi ajira, na mashamba yaliyowekewa matumaini au hofu, kwa namba iliyotoka mezani kabla ya mche wa mwamba.

Karoo inatuhusu. Nyuma ya pwani yetu, kwenye nyika za Kwale na Kilifi, miamba ya Taru na Maji ya Chumvi ni ya ukoo wa umri huo huo, na mbele yake, kati ya Mombasa na Kilifi, kuna miamba ya tope la bahari ya kipindi cha Jura. Upande wa Lamu yote hiyo, ikiwa ipo, imezikwa chini ya maelfu ya mita za matope na mchanga wa mito wa umri mdogo zaidi. Niliporudi nilipata nafasi ya kuchunguza chembe za mwamba kutoka visima vya zamani vya pwani. Ziko ndani ya mifuko midogo, nyingine maandishi yamefifia. Si miche, ni vumbi na vipande kama vya kucha vilivyopanda na tope la kuchimbia, vikachanganyika na vilivyoporomoka kutoka kuta za juu, na vimekaa hewani miaka hamsini. Gesi yake ilishaondoka kabla sijazaliwa. Unachoweza kuuliza kwake ni kaboni na upevu, tena kwa tahadhari, kwa kuwa tope la kuchimbia lenyewe mara nyingine hutiwa makaa laini au dizeli, na vyote hivyo ni kaboni.

Niliosha kila sampuli, nikachagua vipande kwa kibano chini ya darubini, nikavitupa vilivyofanana na makaa. Nyingi nilizoziona zilikuwa na kaboni kidogo, na kidogo hiyo ilikuwa ya mti, mabaki ya mito iliyomwaga delta baharini. Hizo si dada za Longmaxi. Zina pia udongo mwingi unaovimba ukikutana na maji, na mwamba wa namna hiyo ukiupasua kwa shinikizo haubaki wazi, unajifunga. Anayetaka kupasua anataka kwazi, yale madini magumu ya mchangani, na chokaa, mwamba unaovunjika kama sahani. Je, chini zaidi, kwenye Jura, kuna tabaka bora? Chembe zile haziwezi kunijibu, kwani visima vile havikulenga huko. Hilo linahitaji mche mpya, na mche ni pesa nyingi.

Nilialikwa kuzungumza na wazee na vijana katika kisiwa cha Pate, kwenye uwanja karibu na msikiti, baada ya sala ya alasiri. Watu walikuwa wamesikia namba kubwa kutoka kwa mtu aliyepita kabla yangu. Mvuvi mmoja mzee, aliyekuwa ametulia pembeni muda wote, akasema: "Mwanangu, twambie kweli. Gesi iko haiko?"

Nikamwamkia kwanza, "Shikamoo, mzee wangu," kisha nikamwambia: dalili za gesi ziko, zimeonekana kwenye visima viwili vya huku, Dodori-1 na Pate-1. Gesi ya kutosha kutolewa kwa faida haijaonyeshwa bado. Na gesi ndani ya mwamba wa tope wenyewe, ile niliyoisomea mimi, haijapimwa hapa hata mara moja kwa njia inayokubalika.

Kijana mmoja akakasirika. "Dada, wewe ni mtoto wa hapa, mbona unatukatisha tamaa?" Nilimwelewa. Sheria ya Petroli ya mwaka 2019 inatoa asilimia 20 ya mapato ya serikali kwa kaunti na 5 kwa jamii ya mahali, na kijana asiye na kazi anaposikia asilimia anaanza kupiga hesabu. Nikamwambia asilimia 5 ya namba isiyopimwa hainunui hata wavu, na kwamba mtoto wa hapa ndiye anayepaswa kumwambia hivyo, kabla hajauza kiwanja kwa kuingoja.

Halafu akauliza mama mmoja, kwa sauti ya chini, kuhusu maji. Swali lake lilikuwa bora kuliko yote ya siku ile. Kupasua kisima kimoja cha mwamba wa tope kunatumia lita milioni 10 hadi 20 za maji, na mara nyingi zaidi. Mji wa Lamu unakunywa kutoka visima vilivyo chini ya matuta ya mchanga ya Shela, maji matamu yanayoelea juu ya maji ya chumvi, yakivutwa kupita kiasi chumvi inapanda. Visiwa vingine havina hata hayo, watu wanategemea mvua na jabia, matangi ya kuhifadhia maji yake. Mtu anayekuja na tathmini ya gesi ya namna hii Lamu bila ukurasa wa maji hajatathmini, kwa maoni yangu, hata kama jiolojia yake ni safi. Nilimjibu hivyo, na nikamwambia aliulize tena swali hilo kila mgeni anayekuja.

Tukakaa hadi karibu na magharibi tukiandika pamoja, kwa Kiswahili, maswali ya kumwuliza yeyote atakayeleta namba. Hii ni gesi iliyomo ndani ya mwamba, au ni gesi inayoweza kutolewa, au ni ile inayoweza kutolewa kwa faida kwa bei ya leo? Imetoka kwenye mche au kwenye hesabu ya mfano wa nchi nyingine? Kiwango cha chini ni kipi, na cha juu? Upevu umepimwa kwa mashahidi wangapi? Maji yatatoka wapi na yatakwenda wapi yakishachafuka? Kijana aliyekasirika ndiye aliyeshika kalamu.

Kikao kilichofuata sikuwapo. Nilisimuliwa kwamba mtaalamu mgeni alipotaja namba yake, yule mvuvi alinyanyua mkono akauliza ni ya aina gani kati ya zile tatu. Mtaalamu akasema ni ya gesi iliyomo, na kwamba hakuna mche uliokatwa. Ikaandikwa hivyo kwenye kumbukumbu za kikao, kisha wakaingia kwenye habari ya maji.